Kugawa viti mwendo si upatikanaji wa teknolojia saidizi

Teknolojia saidizi ni kifaa chochote kinachomwezesha mtu kufanya jambo ambalo bila hicho lingemshinda au kumtesa, pamoja na huduma zinazokifanya kifaa hicho kimfae. Fimbo nyeupe imo, shime sikio, yaani kifaa cha kumsaidia asiyesikia vizuri, imo, mguu bandia umo, programu ya kusoma skrini kwa sauti imo. Hata miwani uliyovaa imo, ingawa wenye miwani hawapendi kuambiwa hivyo. Orodha ya vifaa 50 vya kipaumbele iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 ina hadi nepi za watu wazima.

Vifaa havina ubishi. Kinachorukwa kila siku ni hizo huduma. Taarifa ya habari inasema upatikanaji umeboreshwa, halafu unaona picha: mgeni rasmi, turubai, spika, na viti mwendo vimepangwa mstari, saizi moja vyote, nailoni bado hazijabanduliwa.

Hebu tukitazame kiti chenyewe. Upana wake hufuata nyonga za mkaaji. Kina hupimwa kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha hupunguzwa sentimita 3 hadi 6 ili ukingo usimchome nyuma ya goti. Kikimpwaya mtoto, anaegemea upande mmoja siku nzima, na mgongo unaokua unafuata egemeo hilo. Aliyeumia uti wa mgongo naye huenda hasikii maumivu chini ya kiuno. Mkalishe juu ya kitambaa kitupu bila mto maalumu, atatoka kidonda cha mgandamizo bila kujua, na vidonda hivyo vikiingia vijidudu huua. Bado njia. Kiti chenye vigurudumu vidogo mbele kinafaa sakafu ya wodi. Kwenye mchanga wa Bagamoyo kinazama. Kwa njia za namna hiyo kuna viti vya gurudumu moja la mbele, kubwa kidogo na lililosogezwa mbali na miguu, visivyopinduka ovyo.

Sasa nani atapima, atachagua mto, atamfundisha mtu kuhama kutoka kitini kwenda kitandani, na atabadilisha beringi zikifa? Mwongozo wa viti mwendo wa shirika hilohilo, wa mwaka 2008, ulitaja hatua 8, kuanzia rufaa hadi matengenezo. Kukabidhi kiti kwa kupiga picha haimo. Ndiyo kazi ya watu wanaosomea mambo haya, kama wale wa TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi pale hospitali ya KCMC, Moshi, na hawatoshi.

Ripoti ya dunia ya mwaka 2022, ya shirika hilo na UNICEF, ilisema watu zaidi ya bilioni 2.5 wanahitaji angalau kifaa kimoja. Katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni asilimia 3 tu ya wahitaji. Katika nchi tajiri hufika asilimia 90. Pengo hilo ni la mafundi, bajeti na vipuri kama lilivyo la vifaa, kwa hiyo kontena la misaada haliwezi kuliziba peke yake.

Mwandishi mwenzangu, ukialikwa kwenye hafla ya namna hii andika tu kwamba viti vimegawiwa. Ni habari njema, na ni kweli. Neno upatikanaji liwekee akiba mpaka uulize vitapelekwa wapi vikiharibika, na ukapata jibu lenye jina la karakana.