TB ya uti wa mgongo: chukua sampuli kwanza, na uulize habari za miguu

Dawa za TB ya mgongo ni zile zile za TB ya mapafu, na zinatolewa bure katika zahanati nyingi za Tabora. Kwa hiyo mgonjwa anayepooza mara nyingi hapoozi kwa kukosa dawa. Anapooza katika ile miezi anayozunguka na diklofenaki, dawa ya maumivu, akiambiwa ni kazi ya shamba la tumbaku, huku vijidudu vinakula pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo, kimya kimya.

Maumivu ya kawaida ya mgongo hupungua ndani ya wiki chache, tena mtu akilala yanatulia. Maumivu yaliyopita wiki 6, yanayoongezeka badala ya kupungua na kumwamsha mtu usiku, yanahitaji eksirei. Usisubiri kikohozi, wagonjwa wengi wa TB ya mgongo hawakohoi kabisa. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda vikiwepo vinasaidia, visipokuwepo havifuti chochote. Mvue mgonjwa nguo, mkague mgongo kwa ubavuni, kisha gonga pingili moja moja kwa ngumi nyepesi. Kinundu kidogo kilichochomoza katikati ya mgongo, hata kama ni cha pingili moja, tayari ni dalili nzito. Kibyongo kikubwa huanzia hapo.

Kisha uliza habari za miguu, na uliza kwa lugha ya nyumbani. Ukisema "una udhaifu wa miguu?" utajibiwa hapana. Uliza kama kandambili zinamvuka njiani bila yeye kujua, kama anajikwaa penye tambarare, kama mkojo unachelewa kutoka. Mwambie atembee kisigino kwa kidole mstari mmoja. Piga goti kwa nyundo: mguu ukiruka kupita kiasi, au kifundo kikitetemeka ukikisukuma juu kwa ghafla, basi ugwe wa mgongo, ule mshipa mkuu wa fahamu unaopita nyuma ya pingili, umeanza kubanwa. Andika nguvu ya kila mguu kwa namba, 0 (haujongei kabisa) hadi 5 (nguvu kamili). Bila namba hiyo, atakayemwona baada ya wiki mbili hatajua kama anapanda au anashuka.

Eksirei ipigwe mbele na ubavuni, na iwe imelenga eneo linalouma. TB hupenda sehemu ya chini ya kifua na mwanzo wa kiuno. Huanzia mbele ya pingili, kwenye ukingo unaopakana na diski (kile kifuto laini kati ya pingili na pingili), halafu hushika pingili ya jirani. Ndiyo maana unaona nafasi ya diski imepungua, pingili mbili zimelika mbele, na mgongo umejikunja kuelekea mbele. Kwenye picha ya mbele tafuta kivuli kilichovimba pande zote mbili za uti: huo ni usaha. Saratani iliyosambaa kwa kawaida huacha diski ikiwa nzima na hula nguzo za nyuma za pingili mapema. Ila kumbuka kwamba sehemu kubwa ya madini ya mfupa, kati ya asilimia 30 na 50, inabidi ipotee kabla eksirei haijaonyesha kitu. Picha safi kwa mtu mwenye dalili nzito haimwondolei shaka. Huyo ndiye wa kutafutiwa MRI, picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mfupa na ugwe, hata kama ni safari ya Bugando, Mwanza.

Huku kwetu kuna ugonjwa mmoja hasa unaofanana nayo: brusela, maambukizi yatokayo kwa mifugo. Wafugaji wanaokunywa maziwa mabichi wanaipata, nayo hushika pingili za chini ya kiuno, ila hubomoa kidogo na mara chache huleta kibyongo. Mwenye sikoseli naye anaweza kuwa na usaha wa salmonela ndani ya mfupa. Magonjwa haya hayatibiwi kwa mpango ule ule wa dawa, ndiyo maana nasisitiza sampuli.

Usaha wa TB mara nyingi husafiri. Hushuka ndani ya msuli wa kiunoni na kutokeza kwenye kinena, ukaitwa mtoki au ngiri. Ni jipu baridi: limevimba, halina joto, haliumi sana. Usilipasue kama jipu la kawaida, kwa sababu utaacha tundu lisilofunga, na bakteria wengine wataingia. Livute kwa sindano nene, namba 16 au 18. Ingia kupitia ngozi isiyo na ugonjwa, kutoka upande wa juu badala ya pale linaponing'inia, na uivute ngozi pembeni kwanza ili njia ya sindano ijifunge yenyewe ukitoka.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Usaha uwekwe kwenye kopo safi, kavu, lisilo na dawa yoyote, uende kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya TB, na sehemu yake ioteshwe maabara ili vijidudu vikue. Kijiti cha pamba hakifai. Hunyonya kile kidogo ulichopata. Daktari akikata kipande cha mfupa, akigawe papo hapo chumba cha upasuaji: nusu kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, kwa ajili ya patholojia, nusu kwenye maji ya chumvi ya dripu kwa ajili ya GeneXpert na kuotesha. Kipande chote kikizamishwa kwenye formalini, vijidudu vimekufa na nafasi ya kuotesha na kujua dawa ipi inafanya kazi imekwisha. Darubini peke yake mara nyingi itasema hasi, kwa kuwa vijidudu vya mfupani ni vichache. GeneXpert Ultra ikionyesha chembechembe kidogo tu kwenye sampuli ya mgongo, hesabu ni chanya, ingawa haitakuambia kama kuna usugu wa rifampisini, dawa kuu ya TB. Pima VVU, piga picha ya kifua, na makohozi yakipatikana yapimwe pia.

Sampuli ikishindikana kabisa na miguu inaanza kulegea, anza dawa. Dawa zikianza mapema ndipo miguu huokoka.

Kwa mgongo tunatoa miezi 12: miwili ya rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, kisha kumi ya rifampisini na isoniazidi. Mgonjwa wa kilo 45 humeza vidonge 3 vya mseto kwa siku, wa kilo 60 humeza 4. Wanaopona hunenepa, basi mizani irudiwe kila mwezi na dozi ipande. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, aimeze mara mbili kwa siku, miligramu 50 kila mara, maana rifampisini huipunguza nguvu. Mwambie mapema kuwa mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, la sivyo ataacha dawa akidhani ni damu. Macho yakigeuka manjano, asimamishe dawa na arudi siku hiyo hiyo.

Kulazwa kitandani kwa miezi na kufungwa plasta ni mambo ya zamani. Majaribio ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kule Masan na Pusan, Korea, yalionyesha kwamba havimwongezei faida mgonjwa anayemeza dawa vizuri. Mkanda wa mgongo nampa mwenye maumivu makali, basi. Aliyepooza ageuzwe kila saa 2 na awekewe mpira wa mkojo. Vidonda vya mgandamizo navyo huua.

Mpeleke kwa upasuaji miguu ikizidi kulegea, isipopata nafuu baada ya wiki 3 hadi 4 za dawa, au uti ukiwa hauna uthabiti. Kufungua nyuma peke yake ni kosa: ugonjwa uko mbele, na ukiondoa nguzo za nyuma umeondoa kilichobaki kikishikilia mgongo.

Eksirei ya miezi ya mwanzo inaweza kuonekana mbaya zaidi huku mgonjwa anatembea vizuri. Mwamini mgonjwa. Lakini maumivu na uzito visipobadilika hadi mwezi wa 4 au wa 5, tafuta sampuli mpya kabla ya kubadilisha dawa.

Mtoto ana hesabu yake. Hata akipona, kibyongo huweza kuongezeka anavyokua, kwa sababu mbele ya mgongo hakukui na nyuma kunaendelea kukua. Apigwe eksirei ya ubavuni kila mwaka hadi amalize kukua, na pembe ya mkunjo ipimwe na kuandikwa kwenye kadi yake.