Kilima kwanza, ramani baadaye

Mteja akinionyesha kiwanja hapa Kampala, siulizi anataka vyumba vingapi. Nauliza kiwanja kiko wapi kilimani: juu, kiunoni au bondeni? Jibu linanionyesha mvua itapita wapi, na mara nyingi nani alitangulia kukaa hapo.

Vileleni walikaa wenye nguvu. Kabaka, mfalme wa Buganda, alikuwa Mengo, Waanglikana wakapata Namirembe, Wakatoliki Rubaga, Waislamu Kibuli, na Lugard, kapteni wa kampuni ya Waingereza, akaweka ngome yake Old Kampala mwaka 1890. Mpaka leo minara na kuba zinatazamana kilima kwa kilima. Ukichora ghorofa kumi kiunoni mwa Namirembe, ujue unakatiza mazungumzo ya wazee.

Ninaopenda kuwapeleka wageni ni mtaa wa Kabaka Anjagala. Umenyooka kutoka Lubiri, ikulu ya Kabaka, mpaka Bulange, lilipo bunge la Buganda. Njiani kuna mzunguko wa magari. Sisi sote tunauzunguka, lakini Kabaka hazunguki: katikati ya kisiwa kile kuna geti linalofunguliwa kwa ajili yake tu, apite moja kwa moja. Aliyechora barabara alilazimika kuupisha mwiko.

Kasubi nako, jumba alilojenga Kabaka Mutesa I mwaka 1882, akazikwa humo miaka miwili baadaye, paa ndilo jengo lenyewe. Nyasi zinashuka karibu na ardhi, mwinuko mkali, maji yanateleza kabla hayajapata nafasi ya kupenya. Ndani, pete 52 za paa ni koo 52 za Baganda. Mimi nikihesabu pete naona pia muundo unaolibeba paa. Hesabu na ukoo vimesukwa pamoja.

Nilijifunza haya kwa aibu. Nyumba yangu ya kwanza Makindye niliukata mteremko nipate uwanja bapa, nikasimamisha ukuta wa mawe kuzuia udongo. Fundi mkuu, mzee wa Arua, akasimama akiutazama.

"Injinia, haya maji yatatokea wapi?"

"Mzee, mfereji wa juu unatosha."

Akanyamaza, akaendelea kuchanganya zege. Mvua za Aprili zilipokuja, maji yalijaa nyuma ya ukuta, nao ukaota kitambi. Tukabomoa kwa gharama yangu, tukajaza kokoto nyuma, tukapachika vipande vya bomba vya kutolea maji. Siku hizi nyumba ya mteremkoni naishusha ngazi kwa ngazi, kama migomba inavyopandwa, na fundi akiuliza swali naweka kalamu chini.

Bondeni ndiko kugumu zaidi. Maji mengi ya katikati ya jiji yanatafuta mfereji wa Nakivubo, kisha mafunjo, kisha Ziwa Victoria. Ukifukia kinamasi maji hayaondoki. Yanahamia sebuleni kwa jirani.

Wiki ijayo nina kiwanja Bwaise, huko huko bondeni. Nimemwomba mteja tukutane pale mvua ikiwa inanyesha. Ameniuliza kama naumwa.