Hadhi ya miji ya Kazakhstan: dhana potofu na ukweli wake

Kosa linalorudiwa zaidi kuhusu miji ya Kazakhstan ni kudhani kwamba kila mji hupewa hadhi kwa kuhesabu watu wake tu. Sheria ya tarehe 8 Desemba 1993 kuhusu mgawanyo wa kiutawala inagawa miji katika madaraja matatu, na ni kweli kwamba kila daraja lina kiwango chake: mji wa hadhi ya kitaifa huwa na zaidi ya watu milioni moja, wa hadhi ya mkoa zaidi ya 50,000, na wa hadhi ya wilaya wasiopungua 10,000. Lakini kwa daraja la juu sheria hiyo hiyo inaweka mlango wa pili, yaani umuhimu wa pekee kwa dola. Astana ilipofanywa makao makuu ya nchi mwaka 1997 ilikuwa mbali sana na kufikisha watu milioni, na bado iliwekwa sawa na Almaty. Upande wa pili upo Kurchatov, mji uliojengwa kuhudumia uwanja wa majaribio ya nyuklia wa Semipalatinsk, ambao una hadhi ya mkoa ingawa wakazi wake ni kama 10,000 tu. Aktobe, yenye zaidi ya watu laki tano, ina hadhi hiyo hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuuelewa mji wa Kazakhstan ni vizuri aanze kwa kuuliza unawajibika kwa nani, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo hadhi inaliamua hasa: mji wa hadhi ya wilaya uko chini ya wilaya, wa hadhi ya mkoa uko chini ya mkoa, na wa hadhi ya kitaifa hauna mkoa wowote juu yake.

Hapo ndipo majina yanapowapoteza wengi. Mtu akiona Mkoa wa Almaty kwenye ramani, huamini kwamba jiji la Almaty liko ndani yake na ndiyo makao yake makuu. Sivyo. Jiji hilo limezungukwa na mkoa huo bila kuwa sehemu yake, na makao makuu ya mkoa tangu mwaka 2022 ni mji wa Qonaev, uliokuwa ukiitwa Kapchagay. Vivyo hivyo, Astana haimo katika Mkoa wa Akmola unaoizunguka, ambao unaongozwa kutoka Kokshetau. Shymkent ilipopandishwa hadhi mwezi Juni 2018 na kuwa mji wa tatu wa daraja la kitaifa, Mkoa wa Kazakhstan Kusini ulipoteza makao yake makuu ndani ya siku moja, ukahamishia ofisi zake mji wa kale wa Turkistan na kuchukua jina la mji huo.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mtego mwingine, nao umo ndani ya lugha yenyewe. Mkuu wa mji nchini Kazakhstan huitwa akim, neno lenye asili moja ya Kiarabu na hakimu wetu, ila akim hana mahakama na hahukumu kesi. Baraza la wawakilishi la mji huitwa maslikhat, ndugu wa neno letu maslahi. Undugu huu unapendeza, lakini usitufanye tuzisome ofisi hizo kwa macho ya nyumbani. Kumwita akim meya, kama habari nyingi zinavyofanya, kunapotosha pia, kwa kuwa meya tunayemzoea huchaguliwa na madiwani au wananchi, ilhali Katiba ya mwaka 1995 ilimfanya akim kuwa mwakilishi wa Rais na Serikali mahali alipo. Kwa marekebisho ya mwaka 2022, Rais hupendekeza majina yasiyopungua mawili kwa nafasi ya akim wa mkoa au wa mji wa hadhi ya kitaifa, wajumbe wa maslikhat wakapiga kura, na aliyepata kura nyingi ndiye anayeteuliwa. Akim wa jiji naye ndiye huteua wakuu wa wilaya za ndani ya jiji, ambazo Almaty inazo nane, na wilaya hizo hazina maslikhat zao.

Je, ina maana kwamba wananchi hawachagui akim yeyote? Wengi husema hivyo, na hawako sahihi. Tangu mwaka 2021 wakazi wa vijiji na wa miji ya hadhi ya wilaya humchagua akim wao kwa kura ya moja kwa moja, na mwezi Novemba 2023 utaratibu huo ulijaribiwa katika baadhi ya wilaya na katika miji michache ya hadhi ya mkoa. Matokeo yake ni kwamba mkazi wa mji wa watu elfu kumi na kitu ana kura ambayo mkazi wa Almaty, jiji la watu zaidi ya milioni mbili, hana. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika mfumo huu, kwa sababu kadiri mji unavyopanda hadhi, ndivyo uteuzi wa kiongozi wake unavyosogea karibu na Ikulu.

Wengine hudhani pia kwamba Baikonur ni ardhi ya Urusi. Sivyo. Ni mji wa Kazakhstan uliokodishwa kwa Urusi hadi mwaka 2050 pamoja na kituo cha kurushia roketi, kwa dola milioni 115 kila mwaka, na kwa muda wa mkataba unaendeshwa kama mji wa ngazi ya shirikisho wa Urusi, yaani daraja la Moscow.

Wala hadhi ikishatolewa haidumu milele. Semey, Zhezkazgan na Taldykorgan zilivuliwa umakao makuu wa mikoa mwaka 1997 mikoa yao ilipofutwa, Semey na Zhezkazgan zikakaa robo karne zikiwa miji ya kawaida ya mkoa wa jirani, huku Taldykorgan ikifanywa makao makuu ya Mkoa wa Almaty mwaka 2001, hadi mwezi Juni 2022 zote tatu zilipopewa mikoa mipya ya kuongoza: Abai, Ulytau na Jetisu. Na mwezi Januari 2024, makazi ya Zhetygen yaliyo kaskazini mwa Almaty yalipewa kwa amri ya Rais jina jipya, Alatau, pamoja na hadhi ya mji wa mkoa, wakati sehemu kubwa ya mji uliokusudiwa ilikuwa bado kwenye michoro.