Wiki ya mbalamwezi mwaloni

Nilipoanza kazi ya ubwana samaki hapa Mwanza, kosa langu la kwanza nililiandika kwa kalamu. Nilifika mwalo mmoja, yaani ufukwe wanapotia mitumbwi wavuvi, upande wa Igombe saa nne asubuhi, nikakuta mitumbwi imepandishwa mchangani, vijana wengine wamelala chini ya mwembe, wengine wanacheza bao. Nikaandika daftarini: "Wavuvi hawajitumi." Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu akaniuliza, "Bwana samaki, jana usiku ulitazama juu?"

Sikuwa nimetazama. Mwezi ulikuwa mpevu.

Anachojua kila mtoto wa mwaloni ni hiki. Ziwa letu, Victoria, ni pana lakini si refu sana kwenda chini, wastani wa mita 40 hivi. Mchana dagaa hukaa huko chini. Giza likiingia, vijidudu vya majini wanavyokula hupanda juu, nao dagaa huwafuata. Mvuvi anawasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Vijidudu vinasogea kwenye mwanga, dagaa nyuma yao, ndipo wavu unazungushwa. Kazi yote imesimama juu ya giza. Mbalamwezi ikitanda, ziwa zima linang'aa na taa yako haimwiti mtu. Utachoma petroli ya injini urudi na kapu la aibu.

Wageni wanaokuja kupunga upepo huniuliza ziwa limenifunza nini, na naona wameshajijibu: subira. Sikubali. Mvuvi wa dagaa hasubiri mwezi upungue, anahamia kwenye kazi nyingine. Yule mzee alikuwa ametandaza wavu magotini, anaupitisha kidogo kidogo dhidi ya jua. Tundu la wavu wa dagaa halipitishi hata kidole cha mwisho, kwa hiyo mpasuko wa kuingiza gumba tu ni mlango. Akiuona anasimama, anakata nyuzi zilizooza mpaka afike penye uzi mzima, kisha anaanza kufuma. Hapo ndipo nilipokaa zaidi ya saa nzima. Mimi ningefunga fundo juu ya ule uzi uliooza.

Sitaki kuipamba wiki hiyo ya mbalamwezi. Duka la mwaloni linajaza daftari la madeni, na ugomvi wa nyumbani haukosi. Mvuvi ambaye tajiri wake, yaani mwenye mtumbwi, ni mkali anaweza kusukumwa ziwani hivyo hivyo, kwa hasara.

 

Kilichobadilika kwangu ni ratiba. Mikutano na wavuvi niliyokuwa naipanga kwa kalenda ya ofisi, nikikuta viti vitupu na kuwalaumu waliokesha majini, sasa naipanga siku za mbalamwezi. Wanakuja, wanabisha, wanakaa hadi mwisho. Na ripoti zangu ngumu naziandika siku za giza, wao wakiwa ziwani na simu yangu imetulia.

Ukipata nafasi, nenda Igombe mwezi ukiwa haupo, saa mbili usiku, ukae ufukweni. Taa zitatokea moja moja mpaka utadhani kuna mji mwingine ng'ambo. Kisha rudi wiki mbili baadaye, mahali palepale.