Ugonjwa, Aibu na Nyumba ya Ibada: Maswali na Majibu

Unyanyapaa si kazi ya hospitali? Viongozi wa dini wanaingiaje?

Daktari ataeleza chanzo cha ugonjwa, lakini swali la "nimemkosea nini Mungu?" mgonjwa hampelekei yeye. Bakteria wa ukoma alitambuliwa mwaka 1873 na Hansen wa Norway, na leo ukoma unapona kwa dawa za miezi 6 hadi 12. Bado wapo wanaouita laana, na anayeitwa hivyo huficha mabaka yake mpaka vidole vimeshapata ganzi.

Kumwombea mgonjwa hadharani kuna ubaya gani?

Hakuna, kama ameridhia. Asipoulizwa, nionavyo mimi, wema wa aina hii huumiza watu wengi kuliko mahubiri makali. "Tumwombee dada yetu, amepima, mnajua tena hali yenyewe." Basi. Watu hawajafika makwao, habari imeshazagaa. Ibada ijayo benchi lake lina nafasi kushoto na kulia. Muulize kwanza, pembeni: jina litajwe? Ugonjwa utajwe? Akikataa, waombeeni wagonjwa wote kwa ujumla. Mungu hahitaji kutajiwa majibu ya vipimo.

Kwenye ibada tunagusana sana. Hatuambukizani?

VVU haviambukizwi kwa kushikana mikono, kukumbatiana wala kunywea kikombe kimoja. Anayetumia ARV vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi hata mwenzi wake kwa kujamiiana. Kifafa nacho hakiambukizi, wala lile povu watu wanalolikimbia. Mtu akianguka, sogeza vitu vigumu, mgeuze alale ubavu, usimtie kitu mdomoni. Kifua kikuu ndicho huenea kwa hewa: fungueni madirisha, anayekohoa muda mrefu akapime. Akishaanza dawa zinazomfaa, uwezo wake wa kuambukiza hupungua haraka, na mhudumu wa afya atamwambia lini arudi kwenye mkusanyiko.

Nimeambiwa nikiwa na imani niache dawa.

Usiache. Ukikatiza dozi ya kifua kikuu au ARV, vimelea vinaweza kuwa sugu. Mtume Muhammad alipoulizwa kama watu wajitibu, aliwaambia wajitibu. Yesu naye, katika Yohana 9, alipoulizwa ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, alijibu kuwa si yeye wala wazazi wake.

Kiongozi aanzie wapi?

Mwaka 1992 kasisi wa Kianglikana nchini Uganda, Gideon Byamugisha, alitangaza hadharani kuwa anaishi na VVU. Si kila mtu ataweza hilo, wala asilazimishwe. Lakini kumkaribisha muuguzi ajibu maswali ya waumini baada ya ibada, kiongozi mwenyewe akiuliza la kwanza, kunawezekana hata wiki hii.