Pendekezo la utafiti ni nini?

Pendekezo la utafiti ni andiko analoliandaa mwanafunzi kabla hajaenda uwandani, yaani mahali atakapokusanya data, akieleza anataka kujua nini, kwa nini jambo hilo halijajulikana bado, na atalijuaje. Msimamizi hulisoma ili aridhike kwamba kazi inawezekana kwa muda na fedha zilizopo. Vipengele vyake vinafahamika vyuoni: usuli (maelezo ya chimbuko la mada), tatizo la utafiti, malengo, maswali, mapitio ya kazi tangulizi, methodolojia (mbinu za kufanyia utafiti), ratiba na bajeti.

Wengi hukwama kwenye tatizo. Chukua mwanafunzi wa Tanga anayetaka kuandika kuhusu akina mama wanaochokoa pweza kijijini Kigombe, pwani ya Tanga. Akiandika kwamba tatizo ni umaskini wa wanawake wa pwani, ametaja shida ya watu, na shida hiyo hakuna asiyeijua. Tatizo la utafiti ni pengo la maarifa. Pengine kazi alizozisoma zimewazungumzia wavuvi wanaume wenye vyombo, zikamwacha mwanamke anayekwenda mwambani kwa miguu, nondo mkononi: siku ambazo hakuna pweza, nyumba yake inaendeshwaje? Hapo pana la kutafiti.

Malengo mahususi hutoka kwenye pengo hilo. Mawili au matatu yanatosha kabisa, mradi kila moja lionyeshe data zake zitatoka kwa nani, kwa mbinu gani, na lini. Lengo la kulinganisha kipato cha bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, na cha maji mafu, siku yanapojaa na kupwa kidogo, kwa mfano, halitimizwi kwa hojaji ya siku moja. Linataka mauzo yaandikwe kila siku kwa muda usiopungua mwezi mzima.

Ndiyo maana ratiba, ambayo wanafunzi wengi hunakili tu jedwali la mwenzao, mimi naiona ni kipimo cha kama mtu ameifikiria kazi yake. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji yakipwa sana mwamba hubaki wazi, na akina mama huwa huko huko. Ukibisha hodi saa hizo na karatasi zako, utawakuta watoto. Basi ushuhudiaji, yaani kuwatazama wakifanya kazi, uwekwe siku za bamvua, usaili, yaani kuwahoji, usubiri maji mafu. Barua ya chuo nayo hupitia ofisi za serikali mpaka imfikie mtendaji wa kijiji, na siku hizo za kusubiri zihesabiwe ndani ya ratiba.

Pendekezo huandikwa kwa wakati ujao: data zitakusanywa, watafitiwa watateuliwa. Uwandani mambo yakionekana tofauti, lengo linaweza kurekebishwa kwa kukubaliana na msimamizi, kisha ripoti ieleze kwa wakati uliopita kilichofanyika na kwa nini kilibadilika.