Unaenda Kigali likizo na unataka kupanda baiskeli na wenyeji? Uliza milima kabla ya spidi

Wadau, tangu mashindano ya dunia ya baiskeli ya barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza kabisa kuja Afrika, inbox yangu imejaa watu wa Dar na Mombasa wanaoenda Rwanda kutembea na wanataka wakiwa kule wajiunge na ride ya wenyeji hata asubuhi moja tu. Wazo zuri sana. Mi kazi yangu ni kufunga baiskeli na kunoa wapandaji, na swali ninaloletewa kila siku ni lile lile, "kocha, wale jamaa wanaenda spidi ngapi?" Kiukweli hilo swali kule halikusaidii kitu. Uliza wanapanda mita ngapi.

Iko hivi. Sisi wa pwani tumezoea kutoka alfajiri na msafara, barabara tambarare, adui ni upepo, na ukishapita kama 30 kwa saa sehemu kubwa ya nguvu yako inaishia kusukuma hewa, ndo maana hata mtu wa kawaida akibana nyuma ya tairi la mwenzie anafika na watu wenye miguu kuliko yeye. Sasa kwenye mlima mnapanda kwa 10 au 12 kwa saa, hewa haina kazi tena, kila mtu anabeba kilo zake mwenyewe na hakuna mgongo wa kujificha. Alafu Kigali iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kwahiyo mtu aliyetoka Kigamboni juzi pumzi itamwambia.

Hesabu yake ni rahisi, omba ruti au iangalie Strava, ile app ya kurekodi safari za baiskeli, chukua mita za kupanda gawanya kwa kilomita. Ikija 5 uko nyumbani. Ikija 10 utajua umetoka. Ikija 20 hapo ni habari nyingine, maana ile mbio ya wanaume ya hayo mashindano ya dunia, aliyoshinda Mslovenia Pogačar, ilikuwa kilomita 267.5 na kupanda mita 5,475, yaani 20 na ushee kwa kila kilomita, na waliomaliza ni watu 30 tu kati ya wote walioanza. Sa wewe ukiambiwa "ni ride fupi tu bro, 50 na mita elfu moja" jua huo ni mlima ule ule wa kina Pogačar, tofauti yake unaisha mapema. Na kama ruti inapita Kimihurura, kile kipande cha mawe mlichokiona kwenye tivii, kaa kwenye siti, usisimame kwenye peda, ukisimama tairi la nyuma linateleza juu ya mawe na unapoteza mwendo wote.

Ukiwaandikia usijisifie. Andika vitu vitatu: wiki unapanda mara ngapi, mlima mrefu uliowahi kupanda ni upi, na je wanasubiriana juu ya mlima au atakayeachwa anajitafutia njia mwenyewe. Hilo la mwisho ndo muhimu kuliko yote. Makundi mengi yana ride ya kusubiriana na ride ya kuumizana, na mgeni anatakiwa aende ile ya kwanza hata kama kwao ni mbabe, maana hajui kona, hajui mashimo, hajui nani ana tabia ya kufunga breki ghafla. Kaa nyuma. Mbele utaenda kuvuta ukikaribishwa.

Baiskeli ya kukodi sasa. Kabla hujatoka nyumbani pima kutoka katikati ya ekseli inayobeba kranki (ile mikono inayoshika peda) mpaka juu ya siti, andika kwenye simu, ukifika unaweka kipimo hicho hicho na magoti yako yatakushukuru. Kama unatumia viatu vya kuklipu, vile vinavyonasa kwenye peda, beba peda zako, ni ndogo zinaingia kwenye begi, ila kumbuka peda ya kushoto nati yake ni kinyume, watu wanaikaza wakidhani wanaifungua mpaka spana inapinda. Angalia gia kubwa kabisa ya nyuma ina meno mangapi. Chini ya 30 mwambie fundi akutafutie nyingine, 34 ndo mambo. Na breki, jamani, nyanyua gurudumu la mbele, lizungushe, bana mkono mmoja mmoja ujue upi unashika mbele. Baiskeli nyingi za Ulaya na Marekani breki ya mbele iko kushoto, za Uingereza iko kulia, na ya kukodi unakutana na yoyote.

Rwanda wanaendesha kulia. Ukiwa ndani ya kundi hutasumbuka sana maana unafuata tu, shida inakuja ukibaki peke yako umechoka, unakunja kona akili ikiwa imelala na unajikuta upande wa Tanzania uso kwa uso na moto, yaani bodaboda za kule. Kwenye kipilefti mnazunguka upande mwingine pia. Mi huwa nawaambia wanafunzi wangu wabandike kipande cha tepu nyekundu kwenye usukani upande wa kulia, kinachekesha ila kinafanya kazi.

Kushuka ndo sehemu ninayoiogopa zaidi kwa watu wa tambarare. Hawajawahi kushuka dakika kumi mfululizo. Usibane breki muda wote, rimu inachemka na mikono inakufa, bana kwa nguvu kabla ya kona kisha achia, na acha nafasi ya baiskeli tatu nne mbele yako, hakuna mtu wa maana atakayekucheka kwa hilo. Mitaro ya maji pembeni ya barabara ni mirefu na mingi haina mfuniko.

Mambo ya kalenda: Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi za pamoja, shughuli na magari vinasimama mpaka saa tano, usije ukapanga ride yako hapo. Ila Kigali wana zile Jumapili mbili za mwezi za Car Free Day, barabara kadhaa zinafungiwa magari asubuhi, walianza 2016. Ukifika Ijumaa nenda hiyo kwanza, utazoea upande wa kulia bila presha na utakutana na wapandaji hapo hapo, wengine Kiswahili kinapanda vizuri tu. Ride ikiisha watu wanakaa kahawa, usikimbilie hoteli, hapo ndo unaambiwa ruti ya wiki ijayo na nani ana baiskeli ya kuazimisha. Ukirudisha ya kukodi ifute tope na mwambie fundi kilicholegea, hata kama ni spoku moja.